Difu ya Mustang 5.0 kwenye robo maili: dalili, chanzo na namna ya kuiimarisha

Ford Mustang ya V8 (injini ya silinda nane) iliyotengenezwa kati ya 1987 na 1993 imewaingiza watu wengi kwenye mbio za robo maili hapa Marekani, na ndiyo gari ninalolifungua mara nyingi kuliko jingine lolote. Injini yake, ile iitwayo 5.0, ina nguvu za farasi 225 kwa miaka mingi ya hiyo, na gari zima lina uzito wa karibu tani moja na nusu. Siku za wiki unaliendesha kwenda kazini. Jumamosi unalipanga mbele ya taa na linamaliza mita 402 kwa sekunde 14 na ushei bila injini kuguswa. Kisha unanunua tairi zinazoshika vizuri zaidi, na tangu siku hiyo matatizo yanahamia nyuma, kwenye difu, yaani gamba la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma.

Difu yenyewe ni ile ya inchi 8.8, jina lililotokana na kipenyo cha krauni yake, ile gia kubwa ya duara iliyo ndani. Ford waliifunga kwenye Mustang za V8 kuanzia 1986 badala ya ile ndogo ya inchi 7.5. Ni difu nzuri. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu nimeona watu wakisikia kishindo kimoja tu wanakimbilia kununua ekseli nzima ya Ford ya inchi 9 kwa maelfu ya dola, kumbe kilichokufa ni bushi ya bei ndogo. Soma dalili kwanza, pesa itoke baadaye.

Kwa nini inavunjika

Tupige hesabu. Injini inatoa msokoto wa Nm (nyutoni mita) 407. Gia ya kwanza ya giaboksi ya T5 inauzidisha mara 3.35. Difu ya kiwandani yenye uwiano wa 2.73 inauzidisha tena, na unafika kama Nm 3,700 za kugawana shafti mbili za nyuma. Ukibadilisha krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) ukaweka 3.73, kama wengi wafanyavyo, unapita Nm 5,000. Mzigo huo ukija taratibu, shafti za kiwandani zinaubeba. Kinachozimaliza ni pale unapoachia klachi ghafla injini ikiwa mizunguko 4,500 kwa dakika. Flaiwili nzito inakamatwa kwa mpigo mmoja, na nguvu yote iliyokuwa ikizunguka nayo inaangukia meno mawili matatu ya pinioni.

Tairi ya kawaida inakuokoa kwa sababu inateleza. Yenyewe ndiyo fyuzi. Ukifunga tairi za kipara za mashindano umefanya kama yule anayetoa fyuzi na kuweka waya: umeme unapita, ila siku ukizidi lazima kitu kingine kiungue. Hii ndiyo sababu Mustang za giaboksi ya otomatiki hudumu zaidi kwenye difu. Konveta yake, inayopitisha nguvu kwa mafuta badala ya klachi, hulainisha lile pigo la kwanza. Dereva wa gia za mkono naye anaweza kulilainisha kwa kuiachia klachi iteleze kidogo tairi linapoanza kuzunguka. Klachi itachakaa mapema, lakini klachi hubadilishwa na gari likarudi barabarani jioni ile ile.

Nyuma inadunda gari likiondoka

Hapa ndipo magari mengi hufia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Unaachia klachi, na badala ya gari kusukumwa mbele, nyuma inapiga du-du-du-du kana kwamba unapita juu ya matuta. Toa mguu kwenye mafuta palepale, hata kama mwenzako wa upande wa pili ameshaondoka. Kila mdundo mmoja tairi linashika, linaachia, linashika tena, na shafti inasokotwa na kufunguka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Mwaka juzi niliifungua difu ya gari ambalo injini yake haikuwa na badiliko lolote. Meno manne ya pinioni yalikuwa yamelala ndani ya oili, yamekatika pembe kali kama chupa. Mwenye gari alisema lilidunda "mara tatu tu".

Ekseli ya gari hili inashikiliwa na mikono minne: miwili ya chini iliyonyooka, na miwili ya juu iliyokaa kimshazari. Mikono ya kiwandani ni bati lililokunjwa, na bushi zake ni mpira laini uliowekwa ili abiria asisumbuliwe na kelele. Baada ya miaka thelathini mpira ule umepasuka. Tairi linaposukuma mbele, ekseli inataka kujiviringisha kwenda kinyume, bushi inabonyea, halafu inarudi kama mpira wa manati. Kiwanda kililijua tatizo hili, ndiyo maana kiliweka shokapu mbili za ziada, zimelazwa, moja kila upande wa ekseli. Nyingi zimeshakufa, na nyingine zilitolewa zamani na hazikurudishwa.

Pima hivi. Weka gari juu ya stendi, stendi zikae chini ya ekseli ili uzito ubaki kwenye springi. Kamwe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua mtaimbo, uingize kati ya mkono na mahali unapofungwa, usukume. Bushi nzima inakataa na kurudi polepole. Iliyokufa inaachia chuma kigonge chuma. Kisha chukua tochi uangalie bati la bodi pale linapopokea ncha za mbele za mikono ya ekseli, juu na chini. Tafuta ufa mwembamba unaoanzia kwenye tundu la bolti, rangi iliyobanduka, au nukta za kuchomelea zilizoachia. Bati la Mustang za miaka hii linajulikana kupasuka hapo. Ukiuona ufa, acha mengine yote ushughulikie huo kwanza: chomelea, na uongeze mabati ya kuimarisha yanayouzwa kwa kazi hiyo. Mikono mipya migumu ikifungwa kwenye bati lililopasuka italing'oa.

Dawa ya kudunda ni mikono ya chini ya bomba au ya chuma cha mraba yenye bushi ngumu, pamoja na shokapu mpya. Mikono ya juu iachie bushi za mpira, ila ziwe mpya. Kuna mafundi watakaokuambia ukaze kote kote. Siwaungi mkono, kwa gari linaloendeshwa barabarani. Mikono ile ya kimshazari ndiyo pia inayoizuia ekseli isiende pembeni, na gari likiinama kwenye kona lazima ijisokote. Ukiinyima nafasi ya kujisokota, ekseli inakwama, halafu inaachia ghafla ukiwa katikati ya kona.

Upepo wa tairi nao una sehemu yake. Tairi za kipara huwa naanza nazo kwenye psi 15 hivi, na radiali laini za mbio psi 18 hadi 20. Kisha badilisha psi moja moja huku ukisoma kwenye karatasi ya matokeo muda wa futi 60 za kwanza, yaani mita 18 na kidogo. Namba hiyo ndiyo inayokuambia kama nyuma inafanya kazi.

Tairi moja tu ndiyo linaloacha mstari mweusi

Mustang GT ilitoka na difu yenye sahani za klachi ndani, ambazo hulazimisha tairi mbili zisaidiane. Sahani zikichakaa, nguvu yote inakimbilia tairi lenye mshiko mdogo. Kipimo chake hakihitaji kufungua kitu: inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini na lizuiwe kwa kabari mbele na nyuma, weka gia huru na uachie hendibreki. Zungusha tairi lililo juu kwa spana ya kupimia msokoto iliyofungwa katikati ya kitovu. Likizunguka kabla ya Nm 27, sahani zimekwisha.

Kuzibadilisha ni kazi ya nusu siku, bila kugusa mpangilio wa krauni na pinioni. Jihadhari na springi yenye umbo la S iliyobanwa katikati ya gia mbili za shafti. Imekazwa sana, na ukiigonga itoke inaruka kama kisu. Mimi hulifunika tundu lote kwa taulo nene lililokunjwa, navaa miwani, halafu ndipo nagonga. Sahani mpya zilowekwe kwanza kwenye oili, na kwenye oili ya difu uongeze kiongezo cha msuguano, mililita 118 hivi. Bila hicho kiongezo, gari likikata kona taratibu kwenye maegesho utasikia nyuma ikitetemeka na kugugumia, na watu hudhani difu imevunjika tena.

Usikubali fundi akuchomelee gia za ndani ili tairi zifungamane. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi tangu 1951, hakiruhusu difu iliyochomelewa namna hiyo, na barabarani inakata shafti.

Kishindo ukibadilisha gia au ukiachia mafuta

Kishindo kidogo kwenye 5.0 ya gia za mkono ni cha kawaida. Kilichoongezeka ghafla si cha kawaida. Gari likiwa limeinuliwa, shika propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu, uizungushe mbele na nyuma kwa mkono. Angalia krosi, yaani viungo vya kwenye ncha zake, kwanza: upande mmoja ukienda kabla ya mwingine, au ukaona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, umeshapata jibu. Krosi zikiwa nzima, tazama flenji ya pinioni. Ikicheza juu na chini, beringi za pinioni zimelegea. Ikizunguka sana kabla tairi halijasogea, ulegevu uko ndani: gia ndogo za katikati, pini yake, au meno ya shafti.

Kwa kuwa tuko kwenye propela: ukivaa tairi za kipara na gari linakimbia sekunde 13.99 au pungufu, kanuni za NHRA zinadai pete ya chuma inayoizunguka propela, ndani ya sentimita 15 kutoka krosi ya mbele. Iweke hata kabla ya kudaiwa. Propela iliyokatika mbele huchimba lami na kulinyanyua gari, au hupasua sakafu na kuingia ulipokaa.

Mlio

Sikiliza mlio unakuja lini. Ukilia ukiwa umekanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, meno ya krauni na pinioni hayakutani vizuri. Ukilia ukiachia mafuta, shuku beringi za pinioni. Mngurumo unaobadilika ukikata kona unatoka kwenye beringi ya tairi. Mlio ulioanza siku ile ile difu ilipofungwa upya ni wa mpangilio mbaya, na hakuna oili itakayouponya. Fungua, paka rangi ya kupimia kwenye meno, zungusha, utazame alama inakaa wapi. Inatakiwa ikae katikati ya jino, si kileleni wala shinani.

Oili kwenye breki, tairi linaloingia na kutoka

Hapa kuna kitu kila mwenye gari hili akijue. Shafti za 8.8 hazifungwi nje kwenye tairi. Zinashikiliwa ndani kabisa, katikati ya difu, na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C. Shafti ikikatika, sehemu ya nje haina kitu cha kuizuia. Inatoka pamoja na tairi na dramu ya breki, na gari linakaa chini kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa.

Kwa hiyo unapoona oili ndani ya dramu, usibadilishe sili peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha livute nje na kulisukuma ndani. Toa shafti uitazame pale beringi inapokaa, maana beringi ya gari hili inakimbia juu ya shafti yenyewe. Ukikuta mfereji unaouhisi kwa kucha, au vishimo, shafti hiyo imekwisha, na sili mpya itavuja tena ndani ya mwezi.

Wakati wa kuitoa, ile bolti ndogo inayoshikilia pini ya katikati hukatika kirahisi. Pasha moto kidogo, tumia spana inayokaa barabara, usitumie haraka.

NHRA inadai shafti zisizo za kiwandani na kifaa cha kuzishikilia kwa nje kwenye gari lolote linalokimbia sekunde 10.99 au pungufu. Vifaa vya kufunga kwa bolti ni nafuu lakini kwenye gari la barabarani huelekea kuvuja. Njia ninayoipenda ni kukata ncha za mirija ya ekseli na kuchomelea ncha mpya zinazopokea beringi kubwa za aina ya Ford ya inchi 9. Ni ghali zaidi, na kazi yake lazima ifanywe kwenye mtambo wa kunyooshea.

Mirija inayogeuka

Gamba la katikati la 8.8 ni chuma cha kusubu, na mirija miwili ya chuma cha kawaida imeshindiliwa ndani yake na kushikizwa kwa nukta chache za kuchomelea. Kwa kuondoka kwa nguvu mara nyingi, mirija inaweza kugeuka ndani ya gamba. Utaona pua ya pinioni imeinuka kuliko zamani, propela inatetemeka, na huoni sababu. Kinga yake ya bure: chora mstari wa rangi nyeupe kuanzia mrija hadi kwenye gamba, pande zote mbili. Kila ukitoka kwenye mbio, tazama. Mstari ukikatika, mrija umegeuka.

Dawa ni kuchomelea mzunguko mzima, na hapa usimpe kazi mtu kwa sababu tu anajua kuchomelea mageti. Chuma cha kusubu kikipigwa moto ghafla hupasuka kando ya mshono. Kinahitaji kupashwa joto kwanza, fimbo za nikeli, vipande vifupi vifupi kwa kupokezana pande, kisha kufunikwa kipoe taratibu kwa masaa. Sili na beringi zitolewe kabla.

Shafti zilizosokotwa

Shafti hukuonya kabla ya kukatika, ukiwa na desturi ya kuitazama. Itoe, ipanguse kwa kitambaa, uishike kwenye mwanga wa dirisha. Mifereji ya ncha ya ndani inatakiwa iwe imenyooka kama mistari ya daftari. Ile iliyozidiwa inaonekana imelala upande mmoja, kama kamba ya mkonge inayoanza kusokotwa. Ukiiona hivyo, usiirudishe, hata kama inaingia.

Shafti za kiwandani zina mifereji 28 na unene wa kama milimita 30.5. Hatua inayofuata ni za mifereji 31, milimita 33.5. Milimita 3 zinaonekana kidogo, lakini uwezo wa kuhimili msokoto hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, kwa hiyo unapata karibu theluthi moja zaidi, kabla hujahesabu ubora wa chuma. Lazima ununue na difu ya ndani yenye gia za mifereji 31, hazichanganyiki. Watu hupenda kuokota ekseli ya Ford Explorer ya 1995 hadi 2001 kwenye yadi za skrapu, kwa kuwa ina mifereji 31 na breki za diski. Ni chuma kizuri, ila gari lile linatumia springi za majani na pinioni yake haiko katikati, kwa hiyo vishikio vyote ni vya kukata na kuchomelea upya. Kwa asiye na karakana yake mwenyewe, gharama inaishia pale pale.

Ukishafungua kwa shafti, weka pia kifuniko kinene chenye bolti mbili zinazoegemea vifuniko vya beringi za pembeni. Kinazuia beringi zisisukumwe nyuma wakati pinioni inapotaka kuikimbia krauni. Bolti zile ziguse tu, kwa mkono mwepesi. Ukizikaza kama bolti za tairi, unapinda vifuniko ulivyotaka kuvilinda.

Siku ya kufunga

Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni iwe milimita 0.2 hadi 0.3, ipimwe sehemu nne kuzunguka krauni. Beringi mpya za pinioni zizunguke kwa mkazo wa Nm 1.8 hadi 3.3, bila shafti wala krauni ndani. Mkazo huo unapatikana kwa kukibana kibomba laini kilicho kati ya beringi, na ukipitiliza usilegeze nati: toa, weka kibomba kipya, anza tena. Oili ni lita 1.8 hivi. Ukibadilisha uwiano, badilisha pia gia ya spidomita kwenye giaboksi.

Krauni na pinioni mpya zinahitaji kuzoeana. Endesha dakika 20 kwa mwendo wa kawaida, liache gari lipoe kabisa, rudia mara mbili tatu, na usiende kwenye mbio kabla ya kilomita 800. Kisha fungua bolti kumi za kifuniko na umwage oili, kwa kuwa hakuna tundu la kumwagia chini. Pangusa sumaku kwa kidole. Ute wa kijivu ulio laini kama grisi ni wa kawaida. Ukisikia punje inakwaruza, hata moja, tafuta ilikotoka kabla ya kujaza oili mpya.